Kabati la kioo la kuhifadhi vitu vya ukoo: namna ya kulitengeneza nyumbani

Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, vitu vya mababu viko mahali pasipofaa. Mkuki umechomekwa juu ya dari, kipande cha rubugo kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda, na sarafu za zamani ziko kwenye kopo la majani ya chai. Mzee akifariki, watoto wanaokuja kugawana mirathi hawajui kipi ni kipi. Vingine hutupwa, vingine hununuliwa kwa bei ya soda na wachuuzi wanaopita vijijini.

Makala hii inaeleza jinsi fundi wa kijijini, au mtu yeyote anayejua kushika randa na msumeno, anavyoweza kutengeneza kabati la mbao lenye milango ya kioo kwa ajili ya vitu hivyo. Inaeleza pia mambo ambayo watu wengi husahau: mbao mbichi, bungua, unyevu wa mkoa wetu, tetemeko la ardhi, na sheria. Ihifadhi kwenye simu yako ili uifungue ukiwa kwa fundi.

Ni vitu gani tunazungumzia?

Kila ukoo una vyake. Vinavyoonekana zaidi katika Buhaya ni hivi:

- Rubugo, yaani nguo ya gome la mtoma. Watu wa Uganda, jirani zetu, wanaitengeneza hadi leo, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi yao kuwa mojawapo ya kazi bora za urithi simulizi na usioshikika wa binadamu.
- Vikapu vidogo vya kuwekea kahawa ya kutafuna, ambayo mgeni hukaribishwa nayo.
- Vibuyu na mirija ya kunywea rubisi.
- Mikuki, majembe na visu vilivyofuliwa na wahunzi wa hapa hapa.
- Ngoma na nanga.
- Simbi, shanga na fedha za zamani: heller za Wajerumani zilizoanza kutolewa mwaka 1904, senti zenye tundu za wakati wa Mwingereza, na sarafu za kwanza za Tanzania za mwaka 1966, kama senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni na senti 50 yenye sungura.
- Picha, vyeti, barua na medali za waliopigana vita, ikiwemo vita vya Kagera vya 1978 na 1979.

Usidharau kipande cha chuma chenye kutu. Pale Katuruka, karibu na Maruku, watafiti walioanza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa takriban miaka 2,000. Jembe la babu yako linaweza kuwa limetoka katika ufundi huo huo.

Kwanza, chagua mbao

Paini (msindano) hupatikana kwa urahisi, ni nyepesi na hurandika vizuri. Kasoro yake ni kwamba bungua na mchwa wanaipenda. Nunua iliyotiwa dawa kama ipo, au ipake dawa ya mbao mwenyewe na kuiacha ikauke kabisa kabla ya kuanza kazi.

Muhumula ni mti unaokua haraka na wengi wanao shambani katikati ya migomba. Mbao yake ni nyepesi na inafaa kwa kazi ya ndani ya nyumba, ila usiiache iguse sakafu yenye unyevu.

Mshambya ni mgumu na mchwa huuogopa. Ndiyo maana wazee waliutumia kwa nguzo. Tumia huu kwa miguu ya kabati.

Mvule ni bora kuliko yote lakini ni ghali.

Mkaratusi usiutumie kwa milango. Mbao yake hupinda na kupasuka ikikauka, na mlango wa kioo ukipinda, kioo huvunjika.

Kama unataka kukata mti wako mwenyewe, anzia kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya misitu upate kibali. Kama unanunua, dai risiti. Mbao zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa njiani hata kama wewe ulizinunua kwa nia njema.

Mbao lazima iwe kavu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Bukoba hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania, kwa wastani takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Mbao iliyopasuliwa juzi na kuuzwa leo imejaa maji. Ukiiunganisha ikiwa hivyo, baada ya miezi michache viungo vitaachia na milango itakataa kufunga.

Panga mbao chini ya paa, juu ya magogo yaliyonyanyuka kutoka ardhini. Weka vijiti vya unene sawa kati ya mbao na mbao ili upepo upite. Weka mawe mazito juu ili zisipinde. Zisipigwe na jua la moja kwa moja. Mbao ya inchi 1 huhitaji miezi 2 hadi 3. Ni vizuri kuanza mwezi Juni, mvua zinapopungua, ili Septemba uwe tayari.

Utajuaje kwamba imekauka? Chagua mbao moja kati ya zile ulizozipanga, ipeleke dukani ipimwe kwenye mizani, andika uzito. Rudia kila wiki. Uzito ukikaa pale pale wiki tatu mfululizo, mbao iko tayari.

Vipimo na vifaa

Kabati tunalolieleza lina upana wa inchi 36, kimo cha inchi 48 bila miguu, na kina cha inchi 9 na nusu. Lina nafasi tatu na milango miwili. Linatosha sebule ya kawaida.

Utahitaji:

- Mbao 2 za 1x10, kila moja futi 12. Hizi ni za kuta na rafu.
- Mbao 2 za 1x4, kila moja futi 12. Hizi ni za milango.
- Mbao 1 ya 2x4 ya futi 12, ikiwezekana mshambya, kwa ajili ya kitako na miguu.
- Nusu shiti ya plaiwudi ya milimita 6 kwa mgongo wa kabati.
- Vipande 4 vya kioo cha milimita 4. Usikate kioo mpaka milango iwe imekamilika.
- Bawaba 6, kitasa kidogo au komeo la kufuli, gundi ya mbao, skrubu, misumari midogo, msasa na vanishi.
- Kipande cha wavu wa mbu.

Zana ni zile zile za karakana yoyote: msumeno, randa, patasi, nyundo, skwea, futi ya kupimia, keekee au drili, na jiriwa au kamba za kubania.

Hatua ya 1: Kata na randa

Ukiranda mbao ya inchi 1 pande zote mbili, itabaki na unene wa robo tatu ya inchi. Vipimo vifuatavyo vimezingatia hilo.

Kutoka mbao ya kwanza ya 1x10, kata vipande viwili vya inchi 48 (kuta za pembeni) na kimoja cha inchi 35. Kutoka mbao ya pili, kata vipande vitatu vya inchi 35. Sasa una vipande vinne vya inchi 35: kimoja cha juu, kimoja cha chini na rafu mbili. Rafu zipunguze upana kwa inchi 1 ili zisiguse milango.

Kipande kitakachobaki cha takriban inchi 39 usikitupe. Kitakuja kuzuia kabati lisianguke.

Hatua ya 2: Chimba mifereji

Upande wa ndani wa kila ukuta, chora mistari ukianzia chini: inchi 1, inchi 16, inchi 31, na inchi 46 na robo. Kila mstari ni mwanzo wa mfereji wenye upana wa robo tatu ya inchi na kina cha robo inchi. Laza kuta zote mbili pamoja unapochora, ili mistari ilingane. Mafundi wengi hupima ukuta mmoja mmoja, halafu rafu zinakaa upande.

Kata kingo za mfereji kwa msumeno, kisha toa katikati kwa patasi. Jaribu kila rafu. Inatakiwa iingie kwa kugongwa kidogo na mkono, isiingie kwa nyundo.

Hatua ya 3: Unganisha boksi

Paka gundi ndani ya mifereji, ingiza vipande vyote vinne, bana, kisha ongeza skrubu kutoka nje, tatu kwa kila kiungo. Kabla gundi haijakauka, pima kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, boksi limenyooka. Visipolingana, sukuma ile kona yenye kipimo kirefu mpaka vilingane.

Pasua kile kipande cha inchi 39 upate mapau mawili ya upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 34 na nusu. Moja liweke ndani, mgongoni, chini kidogo ya mbao ya juu. La pili liweke mgongoni juu ya mbao ya chini. Yafunge kwa gundi na skrubu. Ndipo upigilie plaiwudi mgongoni. Toboa matundu manne ya unene wa kidole kwenye plaiwudi, mawili juu na mawili chini, na uyafunike kwa wavu wa mbu. Hewa itapita, mende hawatapita.

Hatua ya 4: Kitako na miguu

Kata 2x4 upate vipande viwili vya inchi 36 na viwili vya inchi 6, uviunganishe kuwa fremu. Kata miguu minne ya inchi 7 na uifunge kwenye kona za ndani za fremu, ikitokeza inchi 1 juu na iliyobaki chini. Kalisha kabati juu ya fremu, kisha piga skrubu ndefu kutoka ndani ya kabati, kupitia mbao ya chini, hadi kwenye kila mguu.

Weka kila mguu juu ya kipande cha kigae au kifuniko cha bati. Mchwa akitaka kupanda itabidi ajenge njia yake ya udongo mahali unapoiona, na utaifagia mapema.

Hatua ya 5: Milango

Pasua zile mbao mbili za 1x4 katikati kwa urefu upate fito nne. Zikirandwa zitakuwa na upana wa inchi 1 na robo tatu. Kwa kila mlango kata fito mbili za inchi 48 za kusimama na tatu za inchi 17 za kulala: ya juu, ya kati na ya chini. Ile ya kati inasaidia mambo mawili. Inaimarisha mlango, na inafanya vioo viwe vipande vidogo vya takriban inchi 15 kwa 22, ambavyo ni rahisi kubebwa kwenye bodaboda kutoka mjini na ni nafuu kubadilisha kimoja kikivunjika.

Chonga ulimi wa inchi 1 na robo kwenye ncha za fito za kulala, na tundu lake kwenye fito za kusimama. Upande wa nyuma, chonga ngazi ndogo kuzunguka kila nafasi ya kioo, yenye upana wa milimita 9 hivi, ili kioo kikalie hapo.

Mlango ukishakauka, pima nafasi ya kioo na upunguze milimita 3 kila upande wa kipimo. Kioo kikibana sana, mbao ikivimba wakati wa masika kitapasuka chenyewe. Kishikilie kwa vibao vyembamba vilivyopigiliwa misumari midogo, si kwa gundi.

Funga bawaba tatu kwa kila mlango. Acha mwanya mdogo kati ya milango miwili.

Hatua ya 6: Vanishi, halafu subira

Piga msasa, paka vanishi mara mbili au tatu, na uache kabati wazi kwa wiki tatu au nne kabla ya kuweka kitu chochote. Vanishi mbichi na mbao mpya hutoa hewa kali. Ikifungiwa ndani, hewa hiyo hufanya sarafu ziwe nyeusi na chuma kishike kutu. Kama bado kuna harufu ukifungua mlango, bado mapema.

Lifunge ukutani. Hili si la hiari

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera mchana. Watu walipoteza maisha na nyumba nyingi zilibomoka. Hata katika nyumba iliyobaki imesimama, kabati refu na jembamba kama hili linaweza kumwangukia mtoto. Na hata bila tetemeko, mtoto akivuta mlango na kupanda rafu, litaanguka.

Tumia yale mapau mawili ya ndani. Piga skrubu ndefu kupitia pau, plaiwudi, na kipande cha mbao cha inchi 1 kilichowekwa nyuma ya kabati. Kipande hicho kinaacha upenyo ili ukuta wenye unyevu usiguse kabati.

- Ukuta wa tofali za kuchoma au bloku: toboa, weka plagi, kaza skrubu.
- Ukuta wa tofali mbichi: tumia bolti inayopita hadi nje, yenye washa pana.
- Nyumba ya miti na udongo: tafuta nguzo ndani ya ukuta na ukazie hapo. Udongo peke yake hauwezi kushika.

Mbele ya kila rafu pigilia ubao mwembamba wa nusu inchi kwenda juu. Kibuyu kikitikisika hakitateleza.

Mahali pa kuliweka

Lisipigwe na jua la dirishani, kwa sababu jua hufifisha rubugo, picha na rangi za vikapu. Lisiwe kwenye ukuta unaopigwa na mvua wala karibu na moshi wa jikoni.

Kabla ya kuingiza vitu

Kagua kila kitu. Kikiwa cha mbao au nyasi, kiweke juu ya karatasi nyeupe kwa wiki mbili. Ukiona unga mpya chini yake, kuna bungua hai. Kitu kimoja chenye bungua kitaambukiza kabati zima. Kwa vikapu na rubugo, vifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na uviweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha viache mfuko ukiwa umefungwa kwa siku nzima baada ya kuvitoa. Usipulizie dawa ya wadudu moja kwa moja kwenye vitu vya kale.

Usisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala dawa ya meno. Alama zinazofutika hazirudi. Rubugo usiikunje, iviringishe kwenye mti laini au bomba la karatasi.

Vitu ambavyo havitakiwi kuwekwa

Pembe za ndovu, ngozi ya chui, meno na makucha ya wanyamapori ni nyara za serikali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwa navyo bila kibali, hata kama uliachiwa na babu. Omba ushauri ofisi ya wanyamapori ya wilaya.

Mabaki ya vita, kama mabomu, makombora na risasi, usiyaguse. Novemba 2017, bomu la kutupa kwa mkono lililookotwa kama chuma chakavu lililipuka katika shule ya msingi Kihinga, Ngara, na kuua wanafunzi. Ukiona chuma usichokielewa, weka alama kwa mbali na toa taarifa polisi.

Kuhusu kuuza, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale na vya utamaduni. Kuvipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Mgeni akikupa fedha nyingi kwa ngoma ya ukoo, mwombe akuonyeshe kibali.

Na mwisho, zungumza na ukoo. Mrithi, au musika, ndiye mwenye dhamana ya baadhi ya vitu, na vingine si vya kuonyeshwa kwa kila mgeni. Kabati hili lisije likaleta ugomvi.

Kitu bila habari yake ni kitu tu

Kabati likijaa, kazi bado haijaisha. Kwa kila kitu andika kadi ndogo kwa penseli, kwa sababu wino hufifia na huchafua: jina lake kwa Kihaya na Kiswahili, kilikuwa cha nani, kilitumikaje, kilitoka kijiji gani, nani ameeleza, na tarehe ya maelezo hayo.

Kisha chukua simu yako, keti na mzee, na umrekodi akieleza. Mwache aeleze kwa Kihaya chake bila kumkatiza. Mtumie mtoto au ndugu aliyeko mbali nakala, ili simu ikipotea sauti isipotee. Mbao unaweza kununua mwaka ujao, na kioo kikivunjika fundi atakata kingine. Mzee anayejua mkuki ule ulitoka kwa nani hatasubiri mbao zako zikauke, kwa hiyo anza na yeye leo, wakati mbao bado ziko chini ya paa.

Ukitaka kuona mfano wa vitu vilivyopangwa, tembelea Makumbusho ya Kagera pale Nyamukazi, Bukoba mjini, au eneo la Katuruka, ambako wananchi wenyewe walifufua kumbukumbu za mahali pao.